Chafya ya Lodi Glenorin

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Kuresoi na viunga vyake wanatangaziwa kwamba Mheshimiwa Lodi Glenorin, mwungwana wa Uskoti, mkulima wa ngano, mfugaji wa kondoo na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni, amerejea shambani kwake baada ya kupumzika kaburini miaka mingi. Wakati wa kurejea alikuwa na kilo tatu na robo, na alikuwa amejikojolea.

Alirejea siku ya Jumamosi, jikoni kwa Kogo Chesang, viazi vikichemka. Kogo, ndivyo wajukuu wanavyomwita nyanya, alikuwa amempakata mtoto mchanga wa mjukuu wake Cheptoo, na wanawake wa ukoo walikuwa wameketi kumzunguka ili wamtafutie jina. Kwao mtoto huitiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, huku akinusishwa ugoro kidogo. Akipiga chafya, aliyetajwa ndiye aliyerudi.

Kogo alikuwa na mmoja tu aliyemtaka. Baba yake, Kibii, alichunga kondoo wa Lodi Glenorin kwenye ardhi ambayo babu zake walichungia ng'ombe wao wenyewe, kabla Lodi hajaja kuwinda simba, akavunjika mguu wa kushoto, akayapenda mandhari, na akapewa mlima mzima pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake. Kule barazani Nairobi Lodi alihutubia kwa ufasaha kwamba nyanda za juu ni za Wazungu. Nyumbani alikuwa mtu mpole. Farasi wake alipokufa, alilia.

Kibii alipougua alivua kofia, akaenda kumwomba mahali pa kuzikwa. Lodi alisema anasikitika sana, hakuna nafasi. Mwezi huohuo nyumba za wachungaji zilichomwa ili ngano ipanuke. Kibii alizikwa kwa siri katikati ya ngano hiyo, na msimu uliofuata trekta ikapita juu yake. Chesang alikuwa msichana mdogo, na hadi leo hajui ni wapi. Tangu hapo wamezaliwa watoto wengi katika ukoo, na kila mmoja alipiga chafya kwa jina la mtu mwingine. Kogo sasa ni mzee. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho aliyetarajia kumpakata.

"Kibii," aliita.

Mtoto akapiga mwayo.

"Ongeza ugoro, mathe," shangazi mmoja alishauri. "Hiyo pua imelala."

"Kibii, baba, ingia. Uji iko."

Pua ikakunjamana. Mdomo ukafunguka. Chafya ilikuwa njiani kabisa, na hapohapo sauti nene ya kujifanya ikapenya dirishani: "Lodi Glenorin!"

Chafya ikatoka.

Hakuna aliyeshangaa. Chafya ni chafya. Mvulana fulani wa shule ya bweni, aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi, na ambaye bweni lake lina jina hilohilo juu ya mlango, alionekana nyuma ya choo akichunguza mawingu. Jina lake halina umuhimu.

"Ai! Mzungu?" Cheptoo alisema. "Na si huyo hata hakuwa wa kwetu."

"Alikuwa akisema sisi ni watu wake," Kogo alijibu. Akafunika kopo la ugoro. "Mpe titi."

Mtoto alianza kutambaa mapema, akiburuta mguu wa kushoto. Kila alikopita, nyuma yake zilichipuka nguzo za mwerezi, na seng'enge ikajinyoosha kutoka nguzo hadi nguzo. Alianza na sukuma wiki, akaendelea na zizi, akamalizia na njia ya mtoni. Jioni aliketi juu ya gunia la viazi na kuwahutubia kuku, ambao hawakuwa na kura.

Naibu wa chifu, Kiptanui, aliitwa. Alitikisa nguzo moja, akaridhika nayo.

"Mathe, ua ikishasimama, imesimama. Hiyo ni maneno ya ardhi, si yangu." Kisha akapunguza sauti. "Lakini akipata nguvu kidogo, mlete atambae kwangu pia."

Neno la kwanza mtoto alilosema lilikuwa "Toka." Alimwambia Kogo, jikoni mwake.

"Nilishatoka hapo zamani, baba," Kogo alisema. "Sasa kunywa uji." Akampangusa mdomo kwa ncha ya leso.

Magharibi ya siku hiyo Kibii alifika. Alisimama nje ya seng'enge, kofia mkononi, udongo wa ngano mabegani. Hakuwa na jina la kuingilia. Kogo alimpitishia chai katikati ya nyaya, wakaongea habari za mvua. Akawa anakuja kila jioni. Goti la Kogo lilipovimba, kazi ya chai alipewa yule mvulana wa bweni, Kemboi, ambaye likizo ilikuwa imemrudisha tena nyumbani.

"Habari ya jioni, Agui," Kemboi alisema, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoitwa babu.

"Hiyo sauti naijua," Kibii alisema. "Nilikuwa nimefika mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa ndani."

Kemboi alisema labda ilikuwa redio ya jirani.

Kibii hakubisha. Alikuwa amezoea kutobisha. Alishika tu kofia yake kwa mikono miwili na kungoja, kama alivyongoja zamani mbele ya ngazi za Lodi.

Haya basi. Kemboi ni mimi. Nilitaka tu wanawake wacheke. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba hakuna aliyecheka.

Alikunywa chai yote, akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, akanirudishia.

"Basi kamuulize bwana mdogo," alisema, "kama kuna nafasi."

Nilienda kumuuliza. Alikuwa amelala, ameshika kidole cha Kogo.