Kikombe cha Saba

Kihenge cha Asteria kilikuwa hakiwezi kutoka nje ya nyumba. Miaka mitano iliyopita baba yake, mzee Ndaki, alikuja Katoro kutoka Songwa na mzigo wa fito kwenye buti la basi. Alikisuka kihenge, yaani ghala la nafaka, ndani ya chumba cha kulala, akakikandika kwa udongo uliochanganywa na samadi, na alipomaliza ndipo wote walipoona kwamba ni kipana kuliko mlango. Onesmo, mume wa Asteria, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba mkwe, sasa tukihama?"

"Hamtahama," mzee alijibu. "Mwenye kihenge hahami."

Tangu siku hiyo mume na mke walilala na kihenge kama watu wanavyolala na mgeni mnene asiyekoroma.

Utaratibu wa Asteria ulikuwa mmoja, na haukubadilika. Kila Juni, wakati wakulima wanauza mpunga kwa bei ya kutupa, alinunua magunia saba. Aliyamimina kihengeni, akaweka mfuniko, akauziba kwa udongo, na hakuugusa tena mpaka siku ya mwaka mpya. Kuanzia Julai hadi Desemba nyumba ilikula ugali, mihogo na michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyoanikwa juani mpaka yakawa magumu kama vigae. Januari ilipoingia, mvua ilikuwa imeyajaza maji maduara ya wachimbaji, na shimo la dhahabu likijaa maji, mifuko ya Katoro nzima hukauka. Wenye pikipiki walizifunga kwa mipira na kamba badala ya kuzipeleka kwa Onesmo, ambaye alikuwa fundi wao. Mchele dukani ulipanda bei. Hapo ndipo Asteria alipouvunja udongo, na watu saba wakala wali jioni mpaka mavuno: yeye, Onesmo, watoto wanne, na Mariana, mama yake Onesmo.

Na kila Juni, kihenge kilipofagiliwa, gunia moja la mpunga lilibaki. La mwaka wa kwanza liligeuka mlango wa mbele. La mwaka wa pili liligeuka pipa la maji. Ya mwaka wa tatu na wa nne yakawa bati za jiko. La msimu huu Asteria alilipangia lipu ya sebule, ambayo kuta zake zilikuwa matofali matupu, na kila aliyeziegemea aliondoka na mgongo mwekundu.

Gunia hilohilo ndilo lililomleta Nkwabi, Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya ibada.

Nkwabi alikuwa rafiki wa Onesmo tangu utoto wao Chato. Alikuwa amechimba dhahabu miaka kumi na miwili, na mali yake yote ilikuwa tochi ya kichwani na maneno matamu.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mariana.

"Marahaba. Bado hujatajirika?"

"Nimebakiza mita nne tu, mama. Shemeji Asteria, wabeja kwa chai. Nisikilizeni. Sitaki fedha, nataka chakula. Duara langu liko mlimani, maji hayafiki. Tuko wanane, na tunahitaji mchele wa wiki tatu. Anayetulisha anapata viroba vinne vya mawe yatakayotoka."

"Na mawe yasipokuwa na dhahabu?" Asteria aliuliza.

"Basi mtakuwa mmelisha wenye njaa. Hiyo ni thawabu."

Mariana alicheka kwa sauti. Onesmo hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa chumba cha kulala.

"Mama Rebeka," alimwambia mkewe, "kila mwaka gunia moja linabaki. Kwa nini tungoje mpaka Juni? Tulitoe sasa, limfae Nkwabi, na sisi tupate viroba vyetu."

Hoja ilikuwa safi. Asteria aliitafuta kasoro yake na akaiona moja tu. Jibu alikuwa nalo, lakini hakutaka kulisikia likitoka kinywani mwake. Lingekuwa na sauti ya lawama, na yeye hakuwa anamlaumu mtu.

"Sikukatazi," alisema. "Kihenge ni chetu sote. Lakini kwetu Songwa kina sharti lake. Anayeuvunja udongo ndiye anayepima mpaka mavuno. Ukitaka kutoa gunia, kivunje wewe."

"Yaani nipime mchele? Kila jioni?"

"Kila jioni. Kikombe ni hiki."

Kilikuwa kikombe cha bati chenye rangi ya samawati, kilichobanduka ukingoni. Kilimeza robo kilo kwa mfuto, yaani kikijazwa na kupitishwa kiganja juu, mchele ukawa sawa na ukingo.

"Kupima nako ni kazi?" Onesmo alisema, akakipokea kikombe. "Nkwabi, njoo baada ya wiki mbili. Nianze kwanza, nione mwendo wake."

Siku ya mwaka mpya aliuvunja udongo kwa bisibisi. Kesho yake alifunga gunia la kwanza la mpunga nyuma ya pikipiki, akalipeleka mashineni kukobolewa. Asteria alikuwa uani akichambua maharage aliposikia pikipiki ikirudi kwa hasira.

"Nimeibiwa!"

"Na nani?"

"Sesilia wa mashine. Nimempa gunia limejaa mpaka shingoni, amenirudishia nusu na kidogo. Na anacheka! Nimemwambia nitamshitaki kwa mwenyekiti, ameniambia nimsalimie."

Asteria aliweka ungo chini.

"Baba Rebeka, maganda umeyaacha wapi?"

"Maganda gani?"

Mariana alijifunika uso kwa khanga. Mabega yake yalitikisika muda mrefu kabla sauti haijatoka. "Mwanangu," alisema alipoweza, "kosa ni langu. Nilikulea kwa samaki na mihogo. Ungedhani dagaa mbichi na dagaa mkavu wana uzito mmoja?"

Onesmo aliutazama mchele, akamtazama mama yake, akaitazama pikipiki yake kana kwamba nayo ilikuwa inajua.

"Rudi ukachukue pumba," Asteria alimwambia kwa upole. "Kuku wanazingoja. Na umwombe Sesilia radhi, maana magunia bado sita."

Jioni hiyo Onesmo aliupima mchele katika gunia, kikombe kwa kikombe, kwa mfuto. Ulikuwa vikombe mia moja na themanini. Akaiandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye tofali la sebuleni, kwa tarakimu kubwa za fundi. Kisha akapima chakula cha usiku. Aliita majina huku akimimina: mama, Rebeka, Valerian, wadogo wawili, mimi, wewe.

"Sita vinatosha," Asteria alisema kutoka jikoni.

"Tuko saba."

"Sita vinatosha, nakwambia."

"Mama Rebeka, nani mpimaji?"

Asteria alirudi kwenye sufuria. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na sasa lilikuwa limemgeukia. Onesmo akamimina kikombe cha saba, akakifuta kwa kiganja kama alivyoagizwa.

Usiku ule sahani ya Asteria ilijaa. Aliitazama kidogo kabla ya kula, kama mtu aliyepewa kiti katika ofisi ambamo siku zote husimama. Kisha alikula wali wote. Ulikuwa mtamu. Alishangaa kwamba alikuwa ameusahau utamu wa wali ulio laini, wa katikati ya sufuria.

Siku ziliendelea. Onesmo, ambaye kwa pikipiki alikuwa fundi wa kukadiria kwa jicho, kwa mchele aligeuka karani. Alifunga kikombe kwa kamba asije mtoto akakichezea maji. Alimkataza Valerian kuwatupia kuku mchele. Mama yake alipoomba mchele kidogo wa uji, alimuuliza kama ni kidogo cha mfuto au kidogo cha maneno. Kila jioni alichora mstari mmoja wa chaki ukutani. Asteria alipita na ndoo, akaona mistari inavyopangika, akatabasamu upande ambao Onesmo hauoni.

Jumapili ya pili ya Januari Onesmo alikaa mbele ya ukuta na kipande chake cha chaki. Asteria alikuwa akishona kifungo cha shati la shule. Mariana alikuwa akitafuna kipande cha mchembe, polepole, kwa meno aliyobakiwa nayo.

Onesmo alizidisha. Alifuta. Alizidisha tena.

"Sesilia ameniibia kweli," alisema.

"Hajakuibia," alisema Asteria.

"Sikiliza basi. Magunia saba, kila moja vikombe mia moja na themanini. Watu saba, vikombe saba kwa siku. Januari mpaka mwisho wa Juni ni siku kama mia moja na themanini. Ukigawanya, kihenge kinaisha Juni. Kinaisha kabisa! Hakibaki hata kibaba cha kumkopesha jirani. Sasa lile gunia linalobaki kila mwaka hutoka wapi?"

Asteria alikata uzi kwa meno. Aliona kwamba jibu limefika lenyewe mpaka mlangoni, na kwamba hakuna haja tena ya kulificha.

"Wewe unapima saba," alisema.

"Na wewe ulikuwa unapima vingapi?"

"Sita."

Onesmo aliugeukia ukuta. Chaki haikusogea. Kisha akageuka tena.

"Kikombe cha saba kilikuwa wapi?"

Asteria alionyesha kwa kidevu: mlango wa mbele, halafu pipa la maji lililoonekana uani, halafu paa la jiko.

Onesmo aliufuata mwendo wa kidevu kile, kitu kimoja kimoja. Alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akaushika ubao wake kwa kiganja.

"Huu mlango..."

"Huo ni mwaka wa kwanza."

"Na wewe ulikuwa unakula nini?"

"Ukoko. Na michembe niliyobakiza mchana. Usinitazame hivyo, Baba Rebeka, sikufa. Ukoko naupenda."

"Anaupenda kweli," Mariana alidakia. "Na mimi naupenda pia, lakini miaka mitano sijaonja. Anaukwangua wote!"

Asteria alicheka, na kicheko chake kilimpa Onesmo nafasi ya kupumua. Akarudi kukaa. Akafuta hesabu kwa mkono mzima, akaacha mistari ya siku peke yake.

"Vikombe saba," alisema. "Mpaka Juni. Mimi ndiye mpimaji."

"Na lipu?"

"Lipu itasubiri. Ukuta hauna tumbo." Alifikiri kidogo. "Nitajitafutia gunia langu. Wenye pikipiki wanaozifunga kwa kamba, nitawafuata majumbani. Wasio na fedha walipe mchanga, walipe hata siku moja ya kubeba maji. Lipu si mchanga na maji na saruji? Mawili ya kwanza nitayapata kwa spana."

Asteria alilitazama shati mikononi mwake, akaona kifungo amekishona mahali pa kifungo kingine. Alikifumua bila haraka.

Nkwabi alikuja jioni ileile, kwenye pikipiki ya kuazima yenye karia pana nyuma, na kamba mpya mkononi. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka juu.

"Hodi kwa matajiri! Fundi, nimekuja kwa gunia."

"Karibu. Gunia hakuna."

"Lilikuwepo."

"Limeliwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu. Ameanza kulila mwaka mpya, atamaliza Juni."

Nkwabi alimtazama Asteria, mwembamba, ameshika mwiko. Akacheka mpaka akajifutia machozi kwa kamba yake mpya. "Shemeji, una tumbo kuliko duara langu!"

"Duara lako lina nini siku hizi?" aliuliza Mariana.

Kicheko cha Nkwabi kilipungua. "Maji, mama. Yameingia juzi. Hata mlimani yamefika. Tunayakamua kwa ndoo." Alikaa kwenye kigoda, na walipomtazama vizuri waliona amekonda. "Hata mchele mngenipa, tungeupika tukiwa tumekaa tu."

Asteria alimwinamia mumewe sikioni. "Mpimie na mgeni."

"Nimeshapima. Saba."

"Baba Rebeka."

"Hesabu iko ukutani, njoo uione."

"Mgeni hahesabiwi ukutani. Hata kwetu Songwa, ambako mvua huja ikikumbuka."

Onesmo alisimama kidogo, amebana midomo, kama mwenye duka anayeombwa punguzo. Kisha akaingia chumbani. Mlango ulikuwa wazi, na Asteria alimwona vizuri. Alikizamisha kikombe katika gunia la mchele, akakitoa kimejaa mpaka mchele umejenga kilima juu yake. Kiganja chake kilinyanyuka chenyewe kwenda kukifuta, kama kilivyozoea siku hizo zote. Kikasimama hewani. Kikashuka pembeni.

Alikuja jikoni polepole, kikombe mbele kwa mikono miwili, macho kwenye kile kilima. Punje tatu zilianguka mlangoni. Aliinama, akaziokota moja moja, akazirudisha juu.