Damu Iliyowika

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mpima damu, ambaye hospitali nzima ilimwita Miwani ingawa hakuwa nayo, alifungua kabati la joto. Humo hulazwa chupa za damu za watoto wenye homa, ili vijidudu viote vionekane. Chupa sita zilikuwa zikichuruzika kwa sauti, kama bomba lililosahauliwa wazi, na kwa nje zilikuwa kavu kabisa. Ya saba iliwika.

Akaandika: bomba sita, jogoo mmoja.

Baada ya wiki mbili mambo yalijipanga yenyewe. Damu ya watoto wa mjini, ambako bomba la maji hulala shavu kwa shavu na mfereji wa maji machafu, ilichuruzika: homa ya matumbo, iletwayo na kijidudu kiitwacho salmonela. Ya watoto wa vijijini iliwika: salmonela nyingine, ndugu mnyamavu, asiyeharisha mtu, anayenyemelea damu ya mtoto aliyekwisha kulegezwa na malaria. Kila asubuhi daktari alichungulia mlangoni.

"Leo jogoo wangapi?"

"Mmoja tu, mkuu."

"Basi vijijini wazima."

Hawakuwa wazima. Mtoto wa kijijini alitobolewa kidole tu, damu yake haikufika chupani. Malaria ikionekana, karani aligonga muhuri kwenye fomu, na hakuna aliyetafuta kingine.

Alhamisi, bibi mmoja alisimama kwenye dirisha la dawa na mjukuu wa miaka miwili begani, muhuri tayari, dawa mkononi. Miwani akapita, akasikia kitu kifuani mwa mtoto.

"Bibi, huyu anawika."

"Tangu juzi. Nikadhani njaa."

"Nipe kijiko kimoja cha damu."

"Kijiko? Kwani unapika, baba?"

Lakini akamkabidhi mtoto. Damu iliwika hata kabla ya kufika chupani, sauti ndefu, safi, ikafika hadi wodini. Waliolala wiki nzima wakaketi vitandani kana kwamba kumepambazuka. Sindano zikaanza mchana huohuo. Siku ya tatu mtoto aliomba chai, na kifua chake kilikuwa kimya.

Miwani akawaandikia wakubwa: watoto wa vijijini wapimwe damu wote, hata wenye malaria. Jibu lilikuja upesi. Fomu ina nafasi ya ugonjwa mmoja.

Jumatatu gari la vijijini lilileta watoto tisa. Wote walikutwa na malaria, wote wakagongewa muhuri, wakapandishwa tena. Getini dereva alipiga honi, haikusikika. Watu wakasogea kando ya barabara, gari likapita likiwika.