Yule Mama Mwenye Mwiko

Ianthe Liburd alivaa kofia yake ya kanisani kwenda kutazama mchezo wa binti yake, na mumewe Alford akajipigia pasi suti mwenyewe. Verna alikuwa amewaambia tu kwamba ni mchezo wa familia iliyotoka kisiwa cha Nevis, kule Karibi, ikahamia Leeds, Uingereza. Alford alifurahi. Alidhani atasikia habari za meli, za baridi ya mwaka ule wa kwanza, na za vyumba walivyonyimwa kwa sababu ya rangi yao.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea kuta. Pazia lilipofunguka, Ianthe aliona meza kama yake, na kitambaa kilekile cha plastiki chenye maua. Baba wa mchezoni akaingia na sare ya kondakta wa basi, kama Alford. Akamkuta mwanawe amefuga rasta. Akamtupia nguo zake barabarani.

Ndivyo Alford alivyomfanyia Desmond, kifungua mimba wao, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani.

Lakini kilichomchoma Ianthe hakikuwa yule baba. Kilikuwa yule mama. Verna mwenyewe ndiye aliyemwigiza: alisimama jikoni na mwiko mkononi, mtoto anafukuzwa, yeye anakoroga tu. Makelele yakizidi, naye anazidi kukoroga.

Alford akasimama. "Basi, imetosha. Mambo ya nyumba yangu si maonyesho."

"Mzee, kaa chini, unatuziba," mtu akasema nyuma. Watu wakacheka.

Verna akaweka mwiko, akasogea ukingoni mwa jukwaa. "Baba, kaa au toka. Sisi tunaendelea."

"Unanijibu mbele za watu?"

"Nyumbani hukunipa nafasi."

Alford akachukua kofia yake. "Ianthe, twende."

Miaka yote Alford akisema twende, Ianthe alikwenda. Ndivyo alivyoondoka Nevis, na mama yake analia gatini. Sasa hakuinuka.

"Nenda wewe. Mimi natazama."

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Funguo unazo."

Mchezo ulipokwisha, alimfuata Verna nyuma ya jukwaa.

"Nimekosea, Mama?" Verna akauliza, macho chini.

"Ungekuwa umekosea, nisingeumia. Ndugu yako anakaa wapi?"

Jumapili Desmond aliingia pamoja na Verna, kofia kubwa ya sufu ikifunika rasta zake. Alford alikuwa ameshakaa mezani.

"Huyu hakanyagi hapa."

"Ameshakanyaga," Ianthe akasema. "Vua koti, mwanangu. Supu ya mbuzi inapoa."

"Nyumba hii ina mwenyewe."

"Ina wenyewe wawili. Ukitupa nguo zake tena, tupa na zangu. Nitatoka naye, na nikitoka sirudi."

Alford alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine. Kisha akabeba sahani yake hadi sebuleni, akafunga mlango. Desmond akataka kuondoka. Mama yake akamkandamiza bega.

"Kula."

Wakala. Baada ya muda sauti ikatoka sebuleni: "Pilipili iko wapi?"

Verna akataka kuipeleka. Ianthe akaishika chupa.

"Iko mezani," akajibu. "Ukiitaka, njoo ule nasi."

Mlango haukufunguka. Jumapili iliyofuata Desmond alikuja tena, na Ianthe akaandaa sahani nne, ya Alford ikiwamo, zote meza moja.