Shuka za Msellem

"Huyu ni mtoto au mtu mzima?" polisi wa kaunta alimuuliza mama.

Mama aliona ametukanwa. Akavuta buibui, akajibu kwa ile sauti yake ya kuongea na watu wa bara: "Si mtoto, bwana. Ashabaleghe huyu. Ramadhani hufunga mwezi mzima, na Ijumaa utamkuta safu ya mbele." Kwetu Malindi, mwaka ule wa 1984, hizo zilikuwa sifa. Polisi akaziandika, na ndugu yangu Msellem, aliyekamatwa mtaa wa Barani na baiskeli ya mzungu, akatiwa ndani pamoja na wanaume wazima. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Asubuhi, nje ya mahakama, karani mmoja aitwaye Randu alituonea huruma. "Mama, sheria haichanganyi watoto na wakubwa. Angekuwa mtoto, angepelekwa mahabusu ya watoto Mombasa. Lakini wewe umesema ni mkubwa, basi atarudishwa alikolala."

Wakati huo huo Msellem akapitishwa mbele yetu. Jicho moja lilikuwa limevimba, na shati lilikuwa si lake. Mama hakulia. Alikaza buibui, akaingia mahakamani, akasema mwanawe ni mtoto.

Hakimu alisoma maandishi ya polisi, kisha akamtazama mama. "Jana mtu mzima, leo mtoto?"

Cheti hatukuwa nacho. Msellem alizaliwa nyumbani, na mkunga wake alikuwa ameshakufa. Tena alikuwa mrefu, urefu wa kumponza mtu. Alipoulizwa mwenyewe akainua kidevu: "Mimi ni mwanamume." Maskini ndugu yangu, alidhani analinda neno la mama.

Mama akasimama. "Mwanamume gani, bwana hakimu? Huyu bado yuakojoa kitandani. Kila alfajiri shuka zake nafua mimi."

Watu waliangua kicheko, na nusu yao walikuwa jirani zetu. Msellem akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa kwikwi hadi makamasi yakamtoka. Hakimu akaamuru apelekwe Mombasa kwa watoto wenziwe.

Ulikuwa uongo mtupu. Msellem aliacha kukojoa kitandani hata kabla ya kuanza chuo cha Kurani. Mama aliona heri mwanawe achekwe kuliko arudi lile jicho likiwa ndilo dogo kati ya yaliyompata.

Alirudi salama, lakini mtaa mzima ukamwita Kikojozi. Msellem alimwamkia mama shikamoo kila asubuhi, na maneno yao yakaishia hapo, miaka nenda miaka rudi. Iliniuma kuwatazama.

Mimi niliolewa Kilifi. Mwaka jana nilikwenda kumwona mama, mzee sasa, mwili haumsikii tena. Nilimkuta Msellem uani, mikono ya shati imekunjwa, anaanika shuka. Mama alikuwa ndani, amelala ameelekea ukutani kwa haya.

Jirani yetu Bi Shekha akachungulia juu ya ua. "Kila siku shuka! Za nani hizo?"

"Zangu," Msellem akasema, akizinyoosha. "Umesahau, Bi Shekha? Si mliambiwa mahakamani?"