Bunduki Mkononi mwa Orrin

Nyumba ya Leota Brandvold ilijaa wafu wenye bunduki. Wachunga ng'ombe, maharusi, hata watoto, wote wamekaza macho kutoka kwenye picha za kale, silaha mapajani. Watu wa mji wake, Miles City, walimcheka. Yeye alikuwa akitafuta uso mmoja tu: wa Orrin, baba wa bibi yake, aliyepotelea kwenye theluji ya mwaka 1887. Mwili haukuonekana, likazikwa koti lake.

Tangu hapo, kila theluji ya kwanza ilipoanguka, mjane wake Hester alimwandalia sahani na kuacha mlango bila komeo. Na kila mwaka, jioni hiyo, buti zilikung'utwa barazani. "Pita, mume wangu," Hester angesema, "chakula kipo." Hakuolewa tena. Binti yake akairithi nyumba na sahani hiyo, kisha mama yake Leota, kisha Leota mwenyewe. Nani athubutu kumnyima marehemu chakula chake?

Novemba hii, kwenye maonyesho ya bunduki, mzee Dewey muuza picha alimsogezea moja.

"Leota, nimekupatia mchumba. Huyu hakoromi."

"Nyamaza wewe, ambaye hata mbwa wako kakukimbia."

Kisha kicheko kikamkauka. Mwanamume wa pichani alikuwa na sikio lililokatika ncha, lile lile la Orrin kwenye picha ya harusi ya Hester! Machozi yakamlenga.

"Ni babu yetu, Dewey. Alikufa mwaka wa themanini na saba."

Dewey akakuna kidevu. "Mama, tazama alichoshika. Bunduki hiyo ilianza kutengenezwa mwaka wa tisini na nne."

Leota alikuwa ameshaiona. Moyo ndio uliokataa. Na ndevu za Orrin zilikuwa na mvi. Kumbe mwanamume hakufa! Alijiendea zake, akanenepa huko alikokwenda, huku Hester akililia koti.

Jioni hiyo theluji ya kwanza ikaanguka. Leota alikuwa amepika nyama na viazi, na kwa mazoea mkono wake ukatoa sahani ya Orrin. Akairudisha kabatini kwa hasira, akaenda akatia komeo mlangoni. Hapo ndipo alipojiuliza. Ikiwa Orrin alikuwa hai kwingine, Hester alikuwa akimkaribisha nani miaka yote ile?

Buti zikakung'utwa barazani.

"Orrin hakufa kwenye theluji!" alipaza sauti. "Wewe ni nani?"

Mwenye nyumba habishi hodi kwake, na miaka yote buti hizo zilikung'utwa tu, hazikuwahi kubisha. Sasa mlango ukagongwa taratibu, kama na mgeni aliyeganda vidole.

Leota aliogopa mno. Lakini huruma ilimzidi: huyu alikuwa mtu mwingine, aliyekufa kweli kwenye baridi ile, na hakuna aliyemwekea sahani kwa jina lake. Akaitoa tena kabatini, akaijaza, akaondoa komeo.

"Pita, yeyote uliye," akasema. "Chakula hiki ni chako."