Kiti cha Chumba Namba Tisa

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalinyoosha, wanalikung'uta mara moja, kisha wanatembea mpaka vidole vyao vikutane. Kimya alishika pembe zake, akakung'uta, akasimama.

"Njoo basi, shoga," Redio alisema kutoka upande wa pili. "Au unangoja nikutumie barua?"

Kimya aliutazama uzi wa kijani ulioshonwa kwenye pindo. Bluu ni upasuaji, nyekundu ni wodi ya watoto, kijani ni wodi ya wazazi. Miguu ilimsikia mwenzake, ila haikwenda.

Redio akaja na shuka lote mpaka alipo, akazitoa pembe vidoleni mwake taratibu. "Leo Jumanne," alinong'ona. "Saa nane unakwenda kwa yule dada yako wa chumba namba tisa. Jikaze mpaka hapo."

Redio alipewa jina lake na chumba kizima cha kufulia, kwa kuwa hakuzimika hata umeme ukikatika. Yeye naye ndiye aliyempa mwenzake jina la Kimya.

Miezi saba nyuma Kimya alijifungua ghorofani, kwenye mashuka hayohayo ya uzi wa kijani, mtoto wa kike asiyelia. Mama mkwe alimviringisha mwenyewe, akatoka naye. Aliporudi alinawa mikono na kusema, "Hakulia, nasi hatulii." Nyumba nzima ikatii. Siku ya tisa Kimya alikuwa kazini, maana kampuni ya usafi iliyomwajiri hutoa mapumziko ya uzazi kwa mwenye mtoto wa kuonyesha.

Baada ya hapo vitu vilianza kupungua. Chakula kikakosa ladha. Usingizi ukawa wa saa mbili. Kuchana nywele kukawa safari. Mumewe alisema ni uvivu, na Kimya hakubisha. Yeye mwenyewe hakuwa na jina jingine la kuuita. Ni Redio aliyemshika mkono siku moja, akampeleka koridoni hadi chumba namba tisa, akagonga mlango, akakimbia.

Mle ndani mlikuwa na viti viwili na mwanamke wa makamo, mshauri, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unasema u mvivu," mshauri alimwambia siku ile. "Mvivu gani anaamka saa kumi na moja alfajiri? Huu ni ugonjwa, mdogo wangu. Unaitwa sonona. Hautoki kwa kukaripiwa, lakini unatibika, na kuzungumza ni sehemu ya tiba."

Akampa kazi ya nyumbani: kila asubuhi aoshe kikombe chake kimoja.

"Nafua mashuka mia nne kwa siku, dada. Unanipa kikombe?"

"Mashuka ni ya watu. Kikombe ni chako."

Wiki ya tatu Kimya alichana nywele. Wiki ya nne Redio alimwigiza msimamizi wao akipiga chafya, na Kimya akacheka mpaka wote wawili wakashtuka. Jumanne ile alimwambia mshauri, "Kuna kitu sijakisema."

"Kikiiva utakisema. Kama si leo, Jumanne ijayo. Kiti kipo."

Wiki nzima aliifanyia mazoezi sentensi yake ndani ya kelele za mashine, ambako hakuna mtu angeisikia: nilizaa mtoto, na nataka kumlilia.

Saa nane kasorobo alifuta mikono, akamwendea msimamizi. "Bosi, naomba saa yangu ya Jumanne."

"Ya wapi?" Msimamizi alijua.

"Chumba namba tisa."

"Hebu niambie, mama. Wewe ni mgonjwa au mfuaji? Mgonjwa analalia shuka, mfuaji analifua. Huwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja."

Walicheka wachache, wale waliokuwa na ruhusa zao za kuomba kesho.

"Mfuaji, bosi."

"Ahsante. Basi hukohuko nakutuma. Pakia toroli." Alitoa karatasi yenye muhuri, akaisoma kwa mbali kama mtu asiyependa kuishika. "Mkataba wa yule mama umekwisha, aliondolewa Ijumaa. Uongozi unasema chumba kilikuwa hakitumiki, watu walikuwa wanaongea tu. Sasa ni stoo ya mashuka."

"Na wagonjwa wake?" Redio aliuliza.

"Wagonjwa gani? Mle kulikuwa na kitanda?"

Redio akashika upande mmoja wa toroli.

"Wewe rudi kwenye mashine. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja."

Mlangoni palibaki matundu manne ya skrubu, kibao kimeng'olewa. Kiti cha mshauri kilikwisha chukuliwa. Kile cha Kimya kilikuwepo, kimesukumwa ukutani kupisha rafu. Alijaza rafu ya chini, ya kati, ya juu. Hakuharibu mstari hata mmoja.

Shuka la mwisho lilikuwa limekunjuka njiani. Uzi wa kijani.

Kimya alikivuta kiti katikati ya chumba, akakitazamisha dirishani. Akatundika pembe mbili kwenye ncha za mgongo wa kiti, akarudi nyuma kuelekea dirishani na pembe zake mpaka shuka likanyooka. Akafungua mdomo. Sentensi ilikuwepo, nzima, imeiva.

"Bado hujamaliza?" msimamizi aliita kutoka koridoni.

"Bado kidogo, bosi."

Akakung'uta mara moja. Kiti kikaruka kidogo, kikatulia. Akasimama pale dirishani, pembe mkononi, akingoja upande wa pili uanze kuja.