Kitanda Kilicholala kwa Mtani

Huku Bigwa vumbi linatangulia gari. Linainuka kwanza kule barabarani, jekundu, linapanda polepole kama moshi wa tanuru la matofali, ndipo unasikia injini, ndipo gari lenyewe linatokeza pale konani kwenye mfenesi. Nimekaa hapa barazani tangu umande haujakauka. Naangalia vumbi.

Vumbi linakuja. Bodaboda, kapakia ndizi. Siyo wewe.

Mjukuu wangu, mimi sijakuona. Wamekuona mama yako na baba yako huko kituoni, wanakolelewa watoto wasio na wazazi. Wanasema una mashavu, wanasema ukishika kidole cha mtu huachii. Nimepewa maneno hayo mawili tu. Nayatafuna kutwa, kama mtu anayetafuna muwa uliokwisha utamu na hataki kutema.

Wameondoka asubuhi, Diana na mumewe Amani. Simu iliita wakinywa chai. Yule dada wa ustawi wa jamii alisema neno moja: njooni. Hakusema njooni mumchukue. Hakusema njooni tuwaambie basi. Njooni. Amani kaacha chai, kaacha na andazi limeng'atwa upande, na baba yako utamjua mwenyewe, si mtu wa kuacha andazi. Tangu hapo nawapigia, simu hazipatikani. Na neno moja, mwanangu, ukiachwa nalo peke yako barazani, linazaa.

Vumbi linakuja. Lori la mchanga. Siyo wewe.

Ngoja nikueleze kinachonitetemesha. Mimi nikieleza jambo nazunguka, bibi yako anasema natoka Bigwa kwenda mjini kwa kupitia Kingolwira. Zunguka na mimi tu. Hatuna haraka. Muongo mimi, haraka ninayo.

Mama yako alishabeba mimba kabla yako. Ya kwanza tulishangilia. Nyumba ikajaa: beseni, kofia, vishati vidogo mpaka unajiuliza mkono wa mtu utapita wapi. Bibi yako akafuma sweta la manjano. Mimi nikapigilia misumari ya kutundikia chandarua, nikiimba. Mtoto hakuja. Tulirudi kutoka hospitali mikono mitupu, tukakuta vitu vinatungoja, vimekunjwa vizuri, vinanukia sabuni. Hakuna kinachouma kama nguo iliyokunjwa ikamkosa mwenyewe. Na wa pili vilevile. Na wa pili vilevile, mwanangu.

Tangu hapo bibi yako Skolastika akaweka mwiko. Akasema, "Humu ndani mtoto ataingia mbele, vitu vitamfuata nyuma. Kifo kina macho. Kikiona kitanda kimetandikwa kinajua kuna mtu yuko njiani, kinakwenda kumngojea."

Neno la bibi yako hapa halipingwi. Sisi Waluguru mtoto ni wa mama, na ardhi hii ni ya ukoo wake yeye. Mimi nilikuja hapa kijana, na jembe langu na godoro la sufi, nikapokelewa. Miti yote hii nimepanda mimi, lakini nimepanda kwake. Na binti kazaa mmoja, huyo Diana. Diana asipopata binti wa kumwachia, basi mlango huu unafungwa. Watapita watu watasema hapa palikuwa na mji wa fulani, watachuma fenesi, watakwenda zao. Kwa hiyo wewe, kitoto cha kike cha watu tusiowajua, ndiye uliyebeba ufunguo, na hata kukaa hujajua.

Nilimwambia bibi yako, "Skola, huyu keshazaliwa. Analia huko, ananyonya chupa. Kifo kimechelewa."

Akanijibu, "Hajavuka mlango wangu. Kwangu bado hajazaliwa."

Vumbi linakuja. Gari la shule. Siyo wewe.

Basi tukakuandalia kwa kujificha, kama watu wanaopika gongo. Vitu vyako vyote vikalala ng'ambo ya uzio wa minyaa, kwa Mzee Yusuph. Yusuph ni Mnyamwezi, reli ilimleta akiwa kijana, kastaafu akasahau njia ya kurudi Tabora. Mnyamwezi kwetu ni mtani, na mtani hana mwiko. Tukifiwa, yeye ndiye anayeruka ndani ya kaburi kabla ya maiti, analala, anasema hatoki mpaka tumkomboe, na watu wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Jambo ambalo ndugu akilifanya ni nuksi, mtani akilifanya ni mzaha.

"Leteni kwangu," alisema. "Kifo cha Waluguru hakina njia kwangu. Kitauliza, tutakijibu Kinyamwezi, kitapotea."

Kitanda kikatoka kwa fundi kule Kihonda kikashushwa kwake. Godoro kwake. Chandarua kwake. Na bibi yako, mwenye mwiko wake, kila alasiri alikuwa anavuka uzio, anasema anakwenda kumjulia hali Yusuph, anarudi ana nyuzi za sufi zimemganda kwenye khanga. Nyuzi nyeupe. Naziona, sisemi. Anajua naziona, hasemi. Ndivyo tulivyokungoja, mwanangu, kwa kutosema.

Chumba chako hapa tukakiacha kitupu. Mimi nilifagia tu. Kila siku nafagia. Nilimwambia bibi yako, kufagia si kuandaa, ni usafi. Akanitazama akaniachia.

Halafu akaja yule dada wa ustawi, bila taarifa. Stella anaitwa. Diana yuko kazini anafundisha, Amani yuko kazini, nyumbani tuko wazee wawili na kuku. Kijana mpole, ana adabu.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba mama, karibu."

Kakaa, kanywa maji, kauliza habari za mvua. Halafu akasema angependa kuona mtoto atalala wapi.

Nikamfungulia mlango. Ukuta. Sakafu. Dirisha. Sakafu inang'aa kwa kufagiwa, ndiyo kwanza ule utupu unaonekana vizuri.

"Ndicho hiki, bibi?"

"Ndicho."

"Na kitanda chake?"

Bibi yako kimya. Kusema kipo ni kukiingiza. Neno nalo ni mzigo, ukilitua ndani ya nyumba limeshaingia.

"Nguo je? Chandarua? Hata beseni la kumwogeshea?"

Bibi yako anakunja ncha ya khanga. Kuku wanaparura nje.

Yule dada akaniangalia mimi, macho yake hayana ubaya. "Babu, mimi siwatafutii kosa. Ila nikifika kule nikaulizwa, nitasema nimeona nini? Nyumba haina hata nepi moja. Wapo wengine wanaomtaka mtoto huyu, na wao wameshapiga rangi na ukuta."

Akafunga mkoba wake. Zipu ile, mwanangu, ilivyolia, mimi nikasikia mlango unafungwa, ule mlango niliokwambia.

Nikamwangalia Skolastika. Midomo kaibana mpaka imekuwa myeupe. Jicho lake likaniambia: thubutu. Nisiposema, wewe unakwenda kwa hao waliopiga ukuta rangi. Nikisema, nimemwonyesha adui njia kwa kidole changu mwenyewe, na likitokea la kutokea bibi yako ataniangalia na jicho hilo mpaka anizike. Huku moto, huku maji yaliyochemka. Miaka yote hapa sijavunja neno la mwenye ardhi.

Nikatoka nje, peku. Nikasimama kwenye minyaa. Nikaita, "Yusuph. Mtani. Njoo ututukane."

Sikusema zaidi. Na yeye hakuuliza. Alikuwa kaona gari la serikali limesimama kwetu, mbea yule, alikuwa nyuma ya mlango anangojea kuitwa.

Akaja na kitanda kichwani, godoro juu yake, beseni mkononi, anafoka toka mbali. "Nimechoka mimi. Nyumba yangu si ghala. Mmeficha kitanda utadhani mmekiiba. Wewe mama, ni wa serikali wewe? Kamata hawa. Wameninyang'anya sebule, nalala na makofia ya mtoto miguuni. Kitoto hata meno hakina, Waluguru wazima wanakiogopa kuliko chui."

Akafika mlangoni akasimama. Hata mtani anajua pa kusimama. Jasho linamtiririka, kitanda kinamyumbia kichwani, macho yote kwa bibi yako.

Hata mto wetu huu unaoshuka mlimani, unaopiga kelele mwaka mzima, sikuusikia.

Bibi yako akapandisha pumzi. Akasema, "Sasa unasimama nini? Kipeleke ndani. Kubeba ndicho mlichoumbiwa Wanyamwezi."

Yusuph akacheka. Bibi yako hakucheka. Kitanda kikapita.

Yule dada hakuelewa, tukamweleza, mimi kwa kuzunguka, Yusuph kwa matusi. Akasikiliza. Akaweka kiganja kwenye godoro, akalibonyeza, akakiacha kiganja hapo kidogo. Akalishika sweta jipya, lile jeupe, akageuza ndani akatazama mishono. Akasema, "Nimeona." Basi. Akaaga, gari likaondoka na vumbi lake.

Tangu siku hiyo kitanda kinalala humu, na bibi yako anapita mlango wa chumba kile upande upande, kama mtu anayepita penye mbwa. Amekifunika kwa marobota ya nguo chakavu ili kionekane takataka. Anakipitia asubuhi anakisema kwa sauti, "Kitanda kibaya hiki, cha kuwekea maboga tu." Nani anaambiwa hivyo, nadhani unajua. Hajagombana na mimi. Angegombana ningepumua. Ananipa ugali, ananipa mboga, anasema kula. Lakini nikiinua macho nakuta ananiangalia, anapima kama niliyemwita ni mtani au ni yule mwingine.

Nami silijui jibu lake. Hilo ndilo linalonikalisha hapa.

Vumbi linakuja. Pikipiki ya maziwa. Siyo wewe.

Jua limeuacha mlima nusu. Wingu limeanza kushuka huko juu, linalamba migomba. Yusuph kavuka uzio, kaja kukaa kando yangu.

"Bado unachunga magari, Mluguru?"

"Bado."

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Kakaa tu, kaegemea fimbo yake, anaangalia kona ya mfenesi kama mimi. Na mtani akikosa tusi, mwanangu, ujue naye anaogopa. Ndani nasikia bibi yako anaosha sufuria moja. Anaiosha, anaisuuza, anaiosha tena.

Vumbi linakuja.

Dogo hili. Bajaji. Inapunguza mwendo kwenye mfenesi, inakata kona, inakuja huku kwetu ambako hakuna mwingine wa kujiwa. Ikasimama uani. Vumbi likaifunika, hatuoni kitu.

Akashuka Diana. Mikono mitupu.

Mikono mitupu, mwanangu. Naijua mikono ile. Nimeshaiona ikishuka garini namna hiyo, mara mbili. Nyuma yangu sufuria ikanyamaza. Nikajisemea, mimi ndiye niliyekiita kile kitanda.

Halafu Diana akageuka, akainamia ndani ya bajaji, akasema, "Pole pole, shika shingo, Amani, shingo." Na Amani akatoka kwa upande wa pili, kinyumenyume, kama mtu aliyebeba beseni la mayai. Shati limelowa. Na juu ya shati lile pana kichwa. Cheusi, kidogo, kimegeukia kwangu.

"Baba, simu ziliisha chaji," Diana anasema, analia, anacheka. "Shikamoo baba. Tumepewa."

Sikuitikia. Nisamehe, nilikuwa nakuangalia wewe.

Amani akapiga hatua kuja mlangoni. Bibi yako akatokea, mapovu mpaka viwikoni, akajaza mlango wote.

"Simama hapo."

Amani akasimama. Sote tukasimama. Nikasema moyoni, basi, amekataa.

Akakutazama kwa muda mrefu, na wewe ukamtazama. Halafu akasema, hata sauti yake sikuitambua, "Yusuph. Kitoe."

"Nini?"

"Kitanda. Kitoe nje. Na godoro, na beseni, na kila kitu. Nilisema mtoto ataingia mbele."

Mzee wa watu akaingia, anakohoa, anafoka, "Kiingie kitoke, kiingie kitoke, mnaniona mimi treni?" Na mimi nikanyanyuka nikamsaidia. Tukatupa marobota huko, tukakitoa kitanda uani, godoro, chandarua, beseni, sweta, vyote vikakaa juani katikati ya kuku. Vumbi la bajaji lilikuwa bado halijatua. Likashuka kwenye shuka safi, likashuka kwenye kichwa cha Yusuph, likashuka kwenye ile mikono ya mapovu iliyokuwa imeshanyooshwa kwako. Hakuna aliyepangusa.

Chumba kikawa kitupu tena kama nilivyokifagia.

Bibi yako akakupokea. Ukamshika kidole, na ni kweli walivyosema, hukuachia. Akakwambia, "Umechelewa, wewe," kwa ukali ule anaonisemea mimi, na machozi yanamwingia mdomoni. Akageuka, akavuka mlango na wewe. Ndipo tukakifuata na kitanda, sisi wabebaji, Mnyamwezi mbele na mimi nyuma.

Bajaji ikageuza ikaenda zake. Nje lilibaki vumbi peke yake, limesimama kwenye jua la jioni, jekundu, halina tena wa kumtangulia.